Mgombea Nyuma ya Shuka

Wasomaji wetu wanakumbuka kwamba Jumamosi iliyopita tulimwacha Bwana Absalomu Wasike mahali pabaya. Alikuwa juu ya jukwaa, uwanja wa mpira wa Nakuru umejaa watu hadi nyuma ya goli, mkono wake mmoja umeshika kofia na wa pili umeinuliwa kama wa nabii, naye alikuwa amekwisha tamka neno la kwanza la hotuba yake: "Ndugu!"

Neno la pili halikutoka. Katika safu ya mbele, juu ya kiti cha kukunja, alikuwa ameketi mama mkwe wake, Mama Truphosa.

Mheshimiwa mtarajiwa hakushuka jukwaani. Kushuka kuna adabu zake. Aliruka, kofia ikabaki hewani peke yake, na kabla haijagusa vumbi mwenyewe alikuwa amekwisha kuchuchumaa nyuma ya pipa la maji, moyo ukipiga kama garimoshi linalopanda Mau.

"Kuna nini, omera, ndugu yangu?" aliuliza Odero, fundi wa breki katika reli, ambaye pia ni wakala wake wa uchaguzi kwa sababu ndiye rafiki pekee aliyekubali.

"Yuko pale."

"Nani? Polisi?"

"Ingekuwa polisi ningesimama imara."

Kwa wale waliofungia nyama gazeti la juma lililopita, tueleze. Wasike, karani wa tikiti katika stesheni ya reli, ni Mbukusu, na Wabukusu hawana mchezo na jambo hili. Mume hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono. Hali chakula mbele yake. Akimwona anakuja njiani, huingia kichakani, kuwe na siafu au kusiwe. Sasa kumpandia mama mkwe juu ya jukwaa, kumkodolea macho na kumpigia kelele za "Ndugu!" ni kosa ambalo wazee hawakulitungia adhabu, maana hawakudhani kuna mtu angelifikiria.

Mtu mwingine angesema, basi, tumekwisha kustaarabika, mila na zikae kando leo. Lakini Bwana Wasike hakuweza. Karatasi zake za uchaguzi, za rangi ya waridi, zilikuwa zimebandikwa kwenye kila ukuta kutoka Bondeni hadi Rongai, na juu kabisa, kwa herufi za kuonekana na kipofu, ziliandikwa: MILA KWANZA.

Chini yake kulikuwa na sera nyingine. Mahindi ya Mwafrika yanunuliwe kwa bei ya mahindi ya mzungu. Shule ijengwe katika kila landi, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Mabehewa ya daraja la tatu yatiwe mito ya kukalia. Sera nzuri zote, hasa ile ya mito. Lakini iliyowaleta wazee wa Kibukusu wa reli na wa mashamba ya Njoro ilikuwa ile ya juu. Walikuwa wameketi pale wakiwa na bakora zao, na kura zao ndizo zilikuwa mtaji wake wote. Akizungumza uso kwa uso na mama mkwe, wangeinuka na kwenda zao. Asipozungumza, nani atamchagua bubu kwenda kusema katika Baraza la Kutunga Sheria?

"Nizungumze mimi basi," alisema Odero.

"Muulize Inspekta."

Odero alimuuliza Inspekta. Inspekta, mzungu mwekundu mwenye saa mkononi na Kiswahili cha shambani kinywani, alichomoa kibali cha mkutano na kukigonga kwa fimbo.

"Soma hii. Mtu ya kusema iko moja. Jina yake Wasike. Wewe iko Wasike?"

"Hapana, bwana."

"Basi funga mdomo. Saa kumi na moja mkutano kwisha, wote nyumbani." Alinyoosha shingo akatazama nyuma ya pipa. "Na yeye, kwa nini kaa chini? Hii mkutano yake ama mkutano ya pipa?"

Kibali hicho kilikuwa kimeombwa tangu kabla ya Krismasi. Mwaka huu wa 1957 Serikali imeona kwamba Mwafrika anaweza kuchagua mtu wake mwenyewe wa kwenda Barazani, alimradi asikusanyike, asipige kelele, na asizidishe saa. Wasike alijua hatapata kibali kingine kabla ya kura. Ilikuwa leo au arudi kukata tikiti dirishani maisha yake yote.

Alichungulia pembeni ya pipa. Kule kwenye goli la upande wa ziwa alikuwa amesimama Peterson Kimaiyo, mnunuzi wa mahindi wa Rongai, mpinzani wake katika kugombea kiti hiki. Ameegemea lori lake, anatafuna muhindi wa kuchoma taratibu, kama mtu aliyelipia kiti sinema na filamu imeanza.

Wasike akaelewa yote. Kiti cha kukunja kilikuwa cha Kimaiyo. Lori lililomtoa mama kwake karibu na Kitale lilikuwa la Kimaiyo. Na heshima ile yote, "Mama, mkwe wako anahutubia, utakosaje?" ilikuwa ya Kimaiyo. Jamaa huyo naye kwao wana miiko ya wakwe. Alijua anachofanya.

"Naliaka!" Wasike aliita kwa sauti ya chini. "Mke wangu! Njoo hapa!"

Naliaka alikuja pole pole, amebeba shuka jeupe alilotarizi ndege wawili na maneno Karibu Mgeni, ambalo lilikuwa lifunike meza ya wageni baada ya ushindi.

"Mwambie mama yako ahame."

"Ahame aende wapi?"

"Popote! Nyuma ya lori! Kericho!"

"Mama amesafiri tangu alfajiri juu ya magunia ya mahindi ili akusikie," alisema Naliaka. "Nimwambie mkwe wake anamfukuza? Mbele ya wale wazee? Mwambie wewe."

Jambo ambalo, bila shaka, hakuweza.

Ni Odero aliyeona njia. Alilitazama lile shuka, akamtazama rafiki yake, akalitazama tena shuka.

"Ninyi Wabukusu, mtu akitaka kusema na mama mkwe kwa lazima, hufanyaje?"

"Husimama nyuma ya ukuta. Yeye ndani, mimi nje. Tukitenganishwa na kitu si kosa."

"Kitu chochote?"

Macho ya Bwana Wasike yalifunguka polepole, kama milango ya behewa. "Odero," alisema, "nikifika Barazani utakuwa mtu mkubwa."

"Nataka mto wa kukalia tu," alisema Odero.

Hivyo ndivyo watu wa Nakuru walivyopata kuona kitu ambacho hata Nairobi haijakiona. Odero alishika pembe moja ya shuka, Naliaka akashika ya pili, wakalinyoosha mbele ya jukwaa, na mgombea akapanda nyuma yake akiwa amefunika uso kwa kofia iliyookotwa vumbini mpaka alipohakikisha hakuna tundu. Wazee wenye bakora walitazamana. Mmoja alitikisa kichwa kukubali. Adabu imezingatiwa.

"Huu ni mkutano au wanaogesha maiti?" aliuliza Akoth, mwanamke wa Kijaluo mwenye sauti pana, anayeuza samaki sokoni na anayejulikana kwamba haogopi mtu.

"Nyamaza, mama, tusikie."

"Nitasikia. Kuona ndiko sioni."

Lakini hata kuona kulikuja. Jua lilikuwa limeanza kuteremka nyuma ya Wasike, na kivuli chake kikatokea juu ya shuka, kikubwa, cheusi, chenye tumbo la Waziri. Watu wakapiga makofi. Kivuli kikainua mkono.

"Ndugu zangu!" kilisema. Na kwa kuwa hakuwa akimwona mtu yeyote, Bwana Wasike akagundua kwamba haogopi. Maneno yalimjia kama mvua ya Aprili. Alisema juu ya mahindi, uwanja ukanguruma. Alisema juu ya shule, uwanja ukanguruma tena. Kule golini Kimaiyo aliacha kutafuna.

Hapo mtu mwenye busara angeshukuru Mungu na kunyamaza. Bwana Wasike aliamua kuwaeleza watu maisha yake.

"Mimi nilizaliwa maskini!" kilisema kivuli. "Nilijifundisha kusoma mwenyewe, bila mwalimu, kwa mwanga wa mwezi!"

"Mkwe," ilisema sauti moja kutoka safu ya mbele.

Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kuipandisha. Wasike aliitambua.

Kosa lilikuwa hili, na ni Mbukusu pekee angeweza kulifanya. Ukuta unaomruhusu mkwe kusema na mama mkwe humruhusu pia mama mkwe kusema na mkwe. Bila shuka, Mama Truphosa angefungwa na miiko ile ile. Angeinamisha macho na kukaa kimya mpaka jioni. Wasike alikuwa amemfungua kinywa mwenyewe, kwa shuka la mke wake mwenyewe.

"Naam, mama," alisema. Kivuli kiliinama kidogo.

"Huo mwezi, ndio ulikuwa ukikuchapa rula vidoleni?"

Watu wakacheka. Mama Truphosa alikuwa mwalimu wa darasa la watoto kule misheni, kabla hajawa mkwe wa mtu yeyote.

Inspekta alisogea. "Mama! Hapana hotuba. Mtu ya kusema iko moja."

"Ninauliza swali, bwana. Kibali kimekataza swali?"

Inspekta alisoma kibali, akakigeuza, akasoma na upande usio na maandishi. "Swali ruhusa," alisema kwa huzuni.

"Ninauliza tena, mkwe. Nani alikufundisha kusoma?"

Na hapa pana jambo la pili ambalo lazima lieleweke. Mkwe hambishii mama mkwe. Anaweza kumbishia DC, anaweza kumbishia Mungu akiwa amelewa, lakini mama mkwe akisema kuku ana meno, mkwe huuliza ni mangapi.

"Ni wewe, mama."

"Ahsante. Endelea."

Kivuli kilijifuta jasho. Wasike alijaribu kuruka mbele haraka hadi mahali salama. "Na vita vilipokuja, mimi nilikwenda Burma! Katikati ya risasi..."

"Burma ya wapi, mkwe?"

Kivuli kilijikuna kichwa.

"Maana barua tulizopata zilitoka Gilgil, pale stoo ya mablanketi. Naliaka alilia usiku kucha akidhani umekufa kwa Wajapani, kumbe umeumwa na kunguni."

"Ilikuwa... ilikuwa Gilgil, mama."

Uwanja wote ulilipuka. Wengine waliketi chini kwa kicheko. Kimaiyo aliupiga ubavu wa lori lake kwa furaha. Nyuma ya shuka, Absalomu Wasike alifumba macho akaliona dirisha la tikiti, na yeye nyuma yake, amezeeka, na kila abiria anamuuliza hali ya Burma.

Kisha alisikia kitu cha ajabu. Kicheko hakikuwa na meno. Na ndani yake Akoth alikuwa akipaza sauti.

"Jamani, mimi huyu nampenda! Wagombea wote wamekuja hapa, kila mtu alipigana Burma. Mpaka nikajiuliza nani alibaki kupika! Huyu angalau uongo wake tumeumaliza. Wa wengine bado uko mfukoni."

"Kweli!" waliitikia watu.

"Kimaiyo!" aliita mtu kutoka nyuma. "Na wewe mlete mama mkwe wako!"

Kimaiyo alitupa gunzi lake chini. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa amekwisha lowa hadi magotini.

Wazee wa bakora nao walikuwa wakinong'ona, na Odero, aliyekuwa karibu nao, aliwasikia. Alipeleka habari nyuma ya shuka kwa pembe ya mdomo: "Wanasema hawajaona mkwe mnyenyekevu hivi tangu wazaliwe. Wanasema kijana aliyelelewa namna hii apewe nchi. Omera, usijitetee! Kubali kila kitu!"

Wasike alikubali kila kitu. Alikubali kwamba hakuwahi kumaliza darasa la nane. Alikubali kwamba kofia ilikuwa ya stesheni masta. Aliulizwa juu ya mito ya daraja la tatu, nani atailipia, akakubali kwamba hajui. Kila "Ndiyo, mama" ilipigiwa makofi kuliko hotuba yake yote. Nyuma ya shuka jeupe, kwa mara ya kwanza tangu aanze siasa, alionja ushindi, nao ulikuwa mtamu kama miwa ya Nzoia. Alijiona Barazani amevaa suti, akisimama na kusema, Bwana Spika.

"Mkwe," ilisema sauti.

"Naam, mama!" Sasa alijibu kwa raha.

"Nimeisoma karatasi yako ya waridi. Yote, mpaka chini. Pale chini umesema kina mama wasisumbuliwe na mambo ya siasa, wabaki wakilinda nyumba. Ni wewe uliyeandika?"

Ilikuwa mistari miwili tu. Aliitia mwishoni ili kuwafurahisha wazee, na kwa sababu karatasi ilibaki na nafasi.

"Ni mimi, mama."

"Nami naona ni jambo la kufikiriwa. Serikali imetupima watu kwa shule na kazi na mali, mwingine ikampa kura moja, mwingine mbili, mwingine tatu, na wengi haikuwapa kitu. Nilikwenda kupimwa. Wewe walikupa ngapi?"

Wasike alitazama mbao za jukwaa. "Moja, mama."

"Mimi wamenipa mbili."

Katika uwanja ule wanawake walikuwa wengi, na ghafla wakaanza kusogea mbele kwa namna iliyowafanya wanaume kutazama huku na huku.

"Hizo kura mbili nililala nazo nikafikiri nimpe nani. Kimaiyo anataka bei nzuri ya mahindi kwa sababu yeye ndiye anayeyanunua kwetu na kuyauza mbele. Mkwe wangu anataka shule, na hilo ni jema, lakini mwalimu hajamtaja, labda watoto watasoma kwa mwezi. Nikasema, Truphosa, umefundisha miaka mingi, umezika mume, umelima, umeuza, umelipa karo za watoto wa watu. Unatafuta nani?"

Inspekta alikohoa. "Mama, hii si swali. Hii hotuba."

"Swali linakuja, bwana. Nalisafishia njia."

Mama Truphosa alisimama. Wasike hakumwona, lakini alisikia kiti cha kukunja kikilia, halafu wazee wa bakora wakivuta pumzi, wote kwa pamoja.

"Majina ya wagombea yanafungwa kesho adhuhuri kwa DC. Nimeshauriwa kwamba sheria haijasema mwanamke hawezi kugombea. Bwana Inspekta, imesema?"

Inspekta alikigeuza tena kibali. "Mimi hapana ona mahali inakataza," alisema, na kutoka hapo alionekana kama mtu anayetamani sana kurudi kwao Uingereza.

"Kesho asubuhi nitapeleka jina langu. Na hapa ndipo penye swali. Mkwe wangu, umewaambia watu hawa mila kwanza. Nami nakuuliza mbele yao na mbele ya wazee wetu. Mama mkwe wako akisimama kugombea kiti hiki, je, wewe utasimama kumpinga?"

Kule golini Kimaiyo alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mtu aliyempakia ndani ya lori lake mwenyewe, tena kwa heshima, alikuwa ni mgombea wa tatu.

Absalomu Wasike alisimama nyuma ya shuka, na watu wote walikitazama kivuli chake. Akisema "Nitakupinga, mama," wazee wangeinuka hapo hapo, na jina lake lingeimbwa vibaya kutoka Nakuru hadi Mlima Elgon. Akisema "Sitakupinga," Baraza, suti na Bwana Spika vimekwenda, na Jumatatu asubuhi dirisha la tikiti linamngoja.

Alimgeukia mke wake aliyeshika pembe ya shuka.

"Naliaka," alinong'ona, "nisaidie. Niseme nini?"

"Ukimpinga mama," Naliaka alinong'ona bila kugeuza kichwa, "leo usije nyumbani."

"Basi nisimpinge!"

"Usipompinga usije pia. Nimekwisha waambia wanawake wote wa landi kwamba mimi ni mke wa Mheshimiwa."

"Sasa unataka nifanye nini, mwanamke?"

"Nataka kujua nimeolewa na nani. Ujifiche tena nyuma ya kitambaa changu, au useme kitu chako mwenyewe, mara moja tu, maishani mwako."

"Mkwe," ilisema ile sauti, "tunangoja."

Kivuli kiliweka kofia kifuani. Kivuli kilivuta pumzi. Bwana Wasike aliamua. Tunaapa kwamba aliamua, kwa maana Odero aliuona uso wake na alituambia. Akafungua kinywa.

"Mama," alisema, "mimi..."

Na Naliaka akaiachia pembe yake ya shuka.